Mkono Niliouvuta Gizani

Nabiha, sikiliza yaliyonipata leo. Nilimpoteza mama! Mama, na ule usahaulifu wake!

Tulikuwa kwenye tamasha la bure, pale bustanini Tudor. Taa zikazimika, watu wakaanza kusukumana. Nikamshika mkono, nikamvuta hadi langoni huku nasoma Ayatul Kursi.

Tulipofika penye mwangaza akaniuliza, "Mwanangu, wanipeleka wapi?"

Si mama! Buibui kama lake, lakini si mama.

Nikarudi mbio, yule bibi nyuma yangu. Mama yuko pale pale kitini, apiga makofi gizani. "Umekawia," akaniambia. "Mbona hawaimbi?"

Mwambie mwalimu wetu kesho jioni siji darasani. Nakuandikia kwa mkono mmoja. Wa pili nimemshika mama.