Kaka, Usitume Tena Ule Unga

Unyambwa,
Singida.
16 Juni 2024

Mpendwa kaka Melkiori,

Shikamoo. Habari za Tunduma na baridi yake? Wifi Luciana na watoto hawajambo? Sisi tunaendelea, Mungu anasaidia. Alizeti tumemaliza kupura na imetoa vizuri, ingawa mimi nilisimamia nikiwa barazani tu. Jua na ugonjwa huu wa lupus haviivi chungu kimoja.

Mwezi uliopita nililazwa Dodoma siku tisa. Sikukupigia simu kwa sababu ungepanda basi siku ileile, nakujua. Miguu ilivimba, mkojo ukawa na povu. Figo zimeguswa, kaka.

Daktari wa huko, dada mmoja mpole, alinichorea kwenye karatasi. Katika damu kuna seli ziitwazo seli B. Kazi yake ni kumtambua mdudu aliyeingia mwilini na kutengeneza kingamwili za kumkamata. Zangu zimekosea adui. Zinatengeneza kingamwili za kuushambulia mwili wangu mwenyewe, na mabaki ya ugomvi huo yananasa kwenye figo. Nikamkumbuka yule mbwa wa marehemu baba, aliyewaacha wezi wapite akamng'ata baba akitoka shambani. Hakuwa mbwa dhaifu hata kidogo, na sisi tulikuwa tunamwongezea nyama.

Maana huku kwetu mtu akikonda na nywele zikinyonyoka, kila mmoja anasema kinga imeshuka, na majirani wanaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Nawe ukanitumia makopo ya unga wa kuongeza kinga, ukasema niache vidonge vya hospitali kwa kuwa vinashusha kinga. Ni kweli vinashusha, ndiyo kazi yake. Niliviacha miezi mitatu kwa sababu wewe ndiye uliyenisomesha, na sijawahi kukubishia. Kule wodini nilikukasirikia, nisikufiche. Sasa hasira imekwisha.

Nimewekewa dripu ya dawa inayopunguza hizo seli B, na vidonge nimevirudia. Uvimbe umepungua. Mwezi ujao watapima tena ndipo tujue kama figo zitapona.

Shida iliyobaki ni mama, ambaye amehamia kwangu kuniuguza. Kila asubuhi anakoroga ule unga kwenye uji wangu wa uwele, kisha anakaa mbele yangu mpaka nimalize. Daktari amenikataza kuugusa, kwa kuwa hajui kilichomo na figo zangu si za kujaribia. Mimi nimemweleza mama, mume wangu Amosi amemweleza. Anajibu, "Melkiori hawezi kumtumia mdogo wake kitu kibaya." Juzi niliumwaga uji nyuma ya zizi. Akaniona, na hakusema nami mpaka kesho yake. Nililia.

Wifi Luciana msalimie sana, na Raymond na Rahel wetu. Amosi anakusalimu shemeji yake. Mungu awafunike ninyi nyote na kazi za mikono yenu.

Kaka, mpigie mama Jumapili akitoka kanisani. Usimwambie kwamba daktari amekataza, hilo ameshalisikia. Mwambie wewe ulikosea. Najua ni neno gumu kwa mtoto wa kwanza. Lakini nataka kupona, na sitaki kupona kwa kumwaga uji wa mama.

Mdogo wako akupendaye daima,
Evodia