Panya wa Mke Mkubwa Hawafi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijakwenda Buguruni Jumamosi, kwa sababu moyo umenijaa, nikimweleza jirani atacheka, na nikimweleza mama yangu mzazi ataniambia nifunge mizigo nirudi kwake. Mimi ni mke mkubwa wa bwana Uledi, anayeuza sumu ya panya hapa Kariakoo, yule mwenye kipaza sauti kinachotangaza panya, mende na kunguni tangu asubuhi, na mimi nina stoo ya mchele na maharage jirani na meza yake tangu tulipooana, na miaka yote hiyo kila anapochanganya beseni jipya la sumu na unga na dagaa waliosagwa hunipa mimi wa kwanza kabla ya mteja yeyote, akisema, "Hii ni haki yako, mke wangu," nami nilikuwa nikiringa nayo.

Mwaka juzi alimwoa Zamda, akamfungulia stoo kama yangu kwenye nyumba anayokaa kule Buguruni, nikanyamaza kwa kuwa dini imemruhusu, lakini sasa naona ananidhulumu kwenye sumu, maana beseni ni moja, vifuko anafunga yeye, kimoja changu na kimoja cha Zamda, ila kwa Zamda panya wanakufa na kwangu wananenepa. Zamda hunipigia simu kwa sauti ya asali, "Shikamoo bi mkubwa, leo tumezoa wengine mlangoni, kwako vipi?" nami naitikia marahaba huku panya anapita juu ya mizani akinitazama. Shukuru, anayenibebea magunia, anasema, "Mama, hawa wanakula sumu kama bisi, kesho watadai na soda," na wateja wananicheka kwamba mke wa muuza sumu amepangisha panya.

Nilimuuliza mume wangu kama anampa mwenzangu sumu yenyewe na mimi ananipa unga mtupu, akasema, "Mama Sitara, panya nitawabagua vipi?" kisha akaongeza kwamba labda Zamda ni msafi zaidi, na neno hilo, mshauri, sijalimeza mpaka leo. Basi nikamtega. Alipokwisha kufunga vifuko nikavibadilisha kwa siri, changu kikaenda Buguruni na cha Zamda nikakitumia mimi, na bado panya wa Zamda wakafa na wangu wakanenepa, kwa hiyo nimeelewa kwamba aliniona akarudisha kila kimoja mahali pake, au Zamda ana mambo yake ya gizani, maana ni mtu gani apendwe hata na sumu?

Sasa Zamda amejifungua, mume hafiki kwangu ila zamu ikimlazimisha, na akifika habari zake ni mtoto kacheka, mtoto kapiga chafya. Nimekamata panya wangu wazima kwa mtego wa kizimba, madume kwa majike, nawalisha karanga, na Jumamosi nikienda kumpongeza mzazi nitawabeba ndani ya kikapu niwafungulie stooni mwake, ili naye aonje, halafu nidai talaka yangu. Je, nitakuwa nimekosea?

Mama Sitara, Kariakoo

JIBU

Mama Sitara, marahaba. Ndiyo, utakuwa umekosea, na vibaya sana. Ndani ya nyumba ile kuna mtoto mchanga, na panya huwauma watoto waliolala. Mwenye kukuudhi ni mumeo. Mtoto hakukuoa, wala hakukuolea mwenza.

Machungu yako nayaelewa. Umekaa na bwana huyo miaka yote, halafu leo anakulinganisha na mwenzako kwa ufagio, eti nani msafi zaidi. Hilo lilikuwa neno la kipumbavu. Lakini wewe nawe umeuona ukweli kwa macho yako mawili, kisha ukaufukuza.

Kabla ya kuandika safu hii nilifundisha baiolojia. Mwanafunzi aliyefanya jaribio zuri kama lako ningempa alama zote, kisha ningemnyang'anya kwa hitimisho lake. Vifuko vilibadilishwa, matokeo hayakubadilika. Basi tofauti haimo kwenye vifuko. Imo kwenye panya.

Ini la panya, kama letu, lina vimeng'enya, yaani protini ambazo baadhi yake kazi yake ni kuivunjavunja sumu ili mwili uitoe. Panya hawalingani. Mmoja ana ini linaloifanya kazi hiyo polepole, naye hufa. Mwingine amezaliwa na ini lenye kasi, naye hupona. Kasi hiyo imo katika vinasaba alivyorithi, na kwa kuwa aliyepona ndiye anayebaki kuzaa, wanawe huirithi pia. Stoo yako imelishwa sumu ileile tangu ulipoolewa. Kila beseni liliwaondoa wanyonge, likawaachia wenye maini magumu nafasi yote na mchele wote. Panya wa Buguruni hawakuwahi kuionja kabla ya Zamda kuhamia. Sijawapima panya wako, na ziko njia nyingine ambazo panya huishinda sumu kwa kurithi, lakini jaribio lako linaelekeza huko, wala halielekezi kwenye uchawi.

Sasa soma maana yake. Unga mtupu haufugi panya wa namna hiyo. Wamekuwa hivyo kwa sababu mumeo amekuletea sumu ya kweli miaka yote, na wewe wa kwanza. Ile haki uliyokuwa ukiringa nayo ndiyo iliyowalea.

Na hao unaowalisha karanga ndio mbegu yenyewe! Ukiwafungulia Buguruni watazaana na wale wa Zamda, na baada ya muda stoo zote mbili zitaliwa. Mji mzima utasikia kwamba sumu ya Uledi haiui hata nyumbani kwake, na Sitara wako atakosa chakula pamoja na huyo mchanga.

Kwa hiyo sikiliza. Leo hii Shukuru awaue panya hao na kuwafukia, asiwashike kwa mikono mitupu. Sumu hiyo uiache. Uledi akutafutie yenye kiambato kingine, si yenye jina jingine tu. Usizidishe kipimo, wala usiiweke karibu na mchele wa watu. Pandisha magunia juu ya mbao, ziba matundu kwa saruji, na mitego iendelee, kwa maana hakuna ini linaloyeyusha chuma.

Talaka usiidai kwa kosa la panya. Ikiwa zamu zako zinapunjwa, liseme hilo kwa jina lake, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Na wewe bwana Uledi, kama ukurasa huu utakufikia kabla hujaufungia sumu, ufagio usiutaje tena. Zamu ikifika, nenda, na umuulize mkeo habari zake yeye.

Jumamosi, Mama Sitara, utakwenda Buguruni. Kikapu kile ukichome, ununue kipya, utie unga wa uji wa mzazi na pilipili manga. Zamda akikuuliza, "Kwako vipi, bi mkubwa?" mwambie kweli tupu: "Wangu wameila sumu ya mume wetu muda mrefu kuliko wako." Mtacheka, nina hakika. Kisha nawa mikono, umpakate mtoto.

Bibi Paskalina