Kompyuta ya Mama Imegoma Kuwaka

Effia, Takoradi,
9 Februari 2019.

Mpendwa mdogo wangu Ebo,

Hujambo huko kwenye baridi? Na kile kifua, kimepona? Sisi tunapumua, ila vumbi la upepo wa harmatani limetupasua midomo. Baba mzima wa mwili, lakini macho sasa hayaoni kabisa.

Mwaka mmoja tangu Mama afariki unatimia Jumamosi ijayo. Baba ameomba jambo moja tu: asikie sauti ya Mama kabla ndugu hawajajaa nyumbani. Sauti hiyo iko kwenye kompyuta ya sebuleni, katika ile video aliyokurekodia wewe mtandao ukashindwa kuituma. Nakala nyingine hatuna. Hata sisi hatujawahi kuifikisha mwisho, maana kompyuta hukwama kila baada ya maneno mawili. Basi nikanunua RAM mpya, kile kibao cha kumbukumbu, nikaipachika kando ya ile ya zamani ili iende haraka.

Ebo, haikuwaka. Feni inazunguka, kioo cheusi ti, inalia pii, pii, pii, kisha kimya. Nikazima, nikawasha, nikabadilisha nyaya. Wapi! Niliogopa nimemuua Mama mara ya pili.

Baba akaniuliza kutoka kitini, "Yaani Ekuwa, umefungua kitu kinachofanya kazi ili kifanye kazi?" Nilicheka huku nalia.

Mjomba Kwamena akaja na chupa yake ya jini, akamwaga matone kizingitini kumwita Mama. "Araba dada yangu, kama umenuna kwa sababu kitambaa cheupe cha kuondolea msiba hatujanunua, utugombeze sisi. Mashine ya watu iache!" Iliyobaki akainywa. Kompyuta ikalia vilevile.

Mwishowe nilizitoa RAM zote mbili, nikaisugua ile ya zamani kwa raba ya shule pale kwenye meno yake ya shaba, nikairudisha peke yake. Ikawaka! Kumbe ile mpya haipatani na mashine yetu.

Video ilikwama kama zamani. Baba hakujali. Kila ikisimama alitulia akimngoja, kama alivyozoea kumngoja maisha yao yote. Tukafika mwisho kwa mara ya kwanza. Mama anasema, "Ebo, acha vyakula vya makopo. Pilipili yako ya shito nimeificha nyuma ya gunia la mchele, hawa wasiimalize. Utaikuta ukija."

Baba akainuka, akapapasa ukuta mpaka jikoni. Chupa ipo, Ebo, na mfuniko ameufunga kwa uzi wake mwekundu. Nimelia sana.

Mazishini hukuja, na tunajua ni vibali vya kuishi huko, hakuna anayekulaumu. Msalimie mkeo Adwoa, umbusu Esi mdogo. Mjomba anakusalimu. Mungu wa Mama akufungulie njia.

Baba angali ameipakata chupa. Nilimwomba nionje kidogo tu, akanipiga mkono. "Mwenyewe bado hajafika."

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Ekuwa