Wimbo wa Kumsindikiza Bi Kheiria

Jumatano, 28 Februari 1968

Jumatano ya Majivu, na sikupakwa majivu. Hapa Matrah, Omani, hawana desturi hiyo. Kwetu Mbweni saa hizi kila paji lina alama, na wanawake wanatazamana njiani na kuchekana. Mimi nimefua shuka za Bi Kheiria, bibi mgonjwa niliyemfuata huku kutoka Unguja, nimemsugua miguu, basi. Kwaresima imeingia na sina wa kumwambia.

Jioni kaja Ishaq, yule Mwarabu wa Basra anayetoa dawa hospitali ya misheni. Ndiye anayeongoza ibada sasa. Mpiga kinanda wao, mke wa daktari, kaenda likizo kwao. Kasikia nilipiga kinanda kanisani Unguja — nitaweza? Nilikubali kabla hajamaliza. Mwaka wa nne huu nakaa benchi la nyuma, nachezesha midomo tu.

Jumamosi, 2 Machi

Ishaq kanieleza mpango wake. Kwanza neno. Anachagua somo, kisha nyimbo zinalifuata: wa mwanzo uwatayarishe watu kulisikia, wa baada ya mahubiri uwe jibu lao. Kwetu majira ndiyo yanayotawala. Kwaresima ikifika, Aleluya inafungiwa kabatini hadi Pasaka. Nilimwambia hivyo. Kacheka kidogo, kasema hapa Aleluya haina kabati.

Kitabu chao ni cha Kiarabu, na Kiarabu changu ni cha sokoni, cha samaki na ndimu. Lakini juu ya kila wimbo pana do-re-mi, na hizo nazisoma. Somo la kesho ni Lazaro. Nimepata mahadhi yanayolifaa hasa! Namba nimeiandika ubaoni mwenyewe.

Jumapili, 3 Machi

Aibu. Aibu kubwa.

Mahadhi yale kwetu ni ya kaburini. Ndiyo tuliyomzikia mama. Nilidhani popote duniani ni ya kaburini. Ishaq kasoma: Lazaro amelala, dada zake wanalia, jiwe limeshawekwa. Nikaanza kupiga, polepole, machozi yakinilenga — watu wakaanza kuimba Bethlehemu. Hori, wachungaji, nyota. Mwezi wa Machi! Mahadhi yaleyale, maneno ya Krismasi. Wauguzi wa Kihindi wamejiziba midomo kwa mitandio. Nikapiga beti zote, maana sikujua pa kuachia.

Ishaq hakunigombeza. Kasema kosa ni lake, angeitazama namba. Hilo liliniuma zaidi. Ningegombezwa, angalau ningepata wa kugombana naye.

Nikarudi nyumbani. Bi Kheiria ni Mwislamu, kanisani hajatia mguu, lakini dirisha lake la ghorofani linaelekea kanisani.

“Leo mumezika nani?” kaniuliza.

Nikakaa chini palepale mlangoni. Anaujua! Mbweni tulikuwa majirani.

“Nna masikio mie, Blandina. Siku ya mamako nliusikia wimbo ule, nkazima redio.”

Mji mzima huu ni mtu mmoja tu aliyejua ninachopiga, naye hasali nasi. Nimelia mpaka nikachoka. Kisha nikampikia uji, kasema hauna chumvi.

Jumatatu, 11 Machi

Idd haijesha. Bi Kheiria kanitengea nyama, nikamwambia sili nyama Kwaresima. “Basi ntaikausha, utaila Pasaka yako.” Kaitundika mwenyewe, kakataa nimsaidie.

Kinanda sasa salama. Namwimbia Ishaq mahadhi kwanza, ananiambia maneno yanasema nini. Sijakosea tena. Sijafurahi tena vilevile.

Alhamisi, 28 Machi

Yaarub, mtoto wake Bi Kheiria, kaja kutoka Kuwait. Anamchukua mama yake. Huko kuna madaktari wa moyo. Meli ni Jumatatu.

Nikauliza mimi je. Kainamisha kichwa. Kibali ni cha mama peke yake, Dada Blandina, nimejaribu. Namwamini. Kumwamini hakunisaidii kitu.

Bi Kheiria kangoja Yaarub atoke. “Jumapili nipigie ule wa mamako. Nende nao.”

“Bibi, ule wa maziko.”

“Kwani ntarudi?”

Jumamosi, 30 Machi

Nimemwomba Ishaq. Kaitazama namba, kasema hawezi kuwaimbisha watu hori la Bethlehemu wakati wa Kwaresima. Wimbo unafuata neno. Hata mimi ningesema hivyohivyo. Nimekasirika nusu siku.

Jumapili, 31 Machi

Meli imewahi. Yaarub anasema wanaondoka leo, alasiri, ibada ikiisha tu.

Ishaq kaja mwenyewe hadi mlangoni. Kabadilisha somo: Ruthu, mlango wa kwanza. Kasema ni kwa ajili yangu — mwanamke aliyeacha kwao akamfuata bibi mkubwa hadi nchi ya watu. Ananitakia mema, najua. Nimeisoma mara mbili nikiwa nimekaa juu ya sanduku la Bi Kheiria ili lifunge. Ruthu anakataa kuachwa. Naomi ananyamaza, wanakwenda pamoja. Humo hamna meli. Naomi haendi peke yake.

Ile nyama kavu kaiacha jikoni, kaifunga kwenye kitambaa.

Ishaq yuko chini ananiita, anangoja namba: wimbo wa kulijibu neno hilo. Nafungua kitabu, do-re-mi zinapita machoni, hakuna hata moja inayokaa. Huko chumbani kwake Bi Kheiria anauimba ule wa mama, kwa pua, na anakosea palepale anapokosea siku zote. Nimemsahihisha kutoka hapa ngazini.

Kaanza upya tangu mwanzo. Chini, Ishaq kaacha kuniita. Anasikiliza.