Betri ya Kompyuta Yako, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini sijui namna nyingine ya kuanza.

Kompyuta yako bado ipo sebuleni hapa Sakina, Mama ameifunika na kile kitambaa alichokifuma. Ile historia ya ukoo uliyoiacha katikati tunaiendeleza: yeye anasimulia, mimi nachapa. Shida ni huu mgao wa umeme. Ukikatika kabla sijahifadhi, yote yamepotea, na Mama hataki kurudia. "Nimeshasema. Mimi siyo kaseti." Unamjua. Na mengine yote, Baba, amebaki yeye tu anayeyajua.

Basi nikaenda mjini kutafuta betri ya kushikilia kompyuta. Nilichanganyikiwa! Nilidhani inashika mpaka umeme urudi. Kumbe ni dakika chache tu, uhifadhi kazi, uzime. Muuzaji mmoja akasema ndogo inatosha. Mwingine akasema nijumlishe wati za kompyuta na za skrini, printa niiache nje ya hesabu, kisha nichukue inayozidi kidogo. Halafu eti namba kubwa ya kwenye boksi siyo wati. Sasa ni nini? Alieleza, nikaitikia kwa kichwa, sikuelewa kitu. "Utachomeka nini kingine?" Nikajibu, kompyuta tu, nikachukua ile ndogo.

Kompyuta tu, kwa mke wako! Jumamosi jioni tulikuwa tunachapa, wakaja majirani kumpa pole. Bado wanakuja. Nikaenda kuweka chai jikoni, umeme ukakatika. Mama kuona kile kidude kinawaka, akachomeka taa ya mezani na redio. Wageni hawakai gizani, na matangazo ya vifo hayapitwi. Betri ikalia pii, pii, kisha kimya. Ukurasa mzima umekwenda.

Nilikasirika, Baba. Halafu nikakukumbuka ukimenya ndizi: "Pika na ya mgeni ambaye hajafika." Hata betri inapimwa hivyo? Sijui.

Gizani mle, Mama yule asiyerudia akaanza upya. Akawaambia ambalo mimi hakuniambia: baba yake alivyokufukuza ulipokwenda kumposa, ukarudi siku ya mvua na jani la sale mkononi kuomba msamaha kama ilivyo desturi yetu, umelowa, maneno yote yamekutoka. Akacheka. Hajacheka tangu tukuzike! Nimesimama na birika, sijui nilie kwa ukurasa uliopotea au nishukuru betri ilikwisha.

Nitarudi dukani nichukue kubwa, ya kompyuta na ya taa ya wageni. Redio itumie mawe yake, zile betri ndogo. Na lile jani la sale nitalichapa, nakuahidi, nilivyolisikia.

Pumzika, Baba yangu. Barua hii nimeiandika kwa kalamu, isije ikakatika.

Binti yako