Diski ya Baba

Lubaga, Kampala, 3 Juni 2024

Kaka Tamim,
Assalaam aleikum. Watoto hawajambo hapo Kibera? Sisi tunapumua, alhamdulillahi.

Hatujaandikiana tangu tumzike Baba, na wewe hukuja. Leo siandiki kwa hilo. Diski yake, ile yenye wazee wetu wote aliowarekodi, imeanza kugonga ndani. Nakala yake ilikufa mwaka jana, kompyuta yangu imejaa, na pesa ya diski nyingine sina. Kesi ya yule anayetaka kujenga juu ya makaburi yetu inasikilizwa tarehe 24, na mashahidi wengi wameshafariki. Wamebaki humo tu. Naomba nizitume rekodi kwenye kompyuta yako. Nimejaribu siku mbili, lakini mtandao ukikatika zinaanza upya.

Dada yako, Maimunah

Kibera, 4 Juni

Dada Maimunah,
Waaleikum salaam. Tu wazima.

Tumia programu niliyoambatisha, inaendelea pale ilipokatikia. Ila kwa kasi yenu nimepiga hesabu: siku arobaini. Kwa nini usiitume diski yenyewe kwa basi?

Kaka yako

Lubaga, 9 Juni

Kaka, salaam. Mafua yamenishika, mengine kheri.

Basi haiwezekani. Fundi Fadhul wa soko la Owino ameisikiliza akasema, "Mama, hii usiisogeze hata hapo mezani." Umeme umekatika mara tatu leo. Itabidi nichague nani atangulie; mashahidi wa kesi peke yao ni siku kumi hivi. Nimeanza na Hajati Ayesha.

Kuna video moja yenye jina lako. Baba aliirekodi wiki yake ya mwisho. Alisema ni yako, sijaifungua. Ni ndefu, itakula siku mbili. Niitangulize?

Dada yako

Kibera, 10 Juni

Dada, pole na mafua.

Tanguliza mashahidi. Nimekaa miaka sita bila kumsikia. Siku kumi hazitaniua.

Tamim

Lubaga, 20 Juni

Kaka Tamim,
Hata salamu zinanishinda. Shahidi wa mwisho aliingia jana, nikaiweka yako. Ilipofika theluthi diski ikasaga, ikanyamaza. Fadhul amejaribu kila kitu. Imekwisha. Nisamehe.

Dada yako

Lubaga, 25 Juni

Kaka, u mzima? Hakimu amezipokea rekodi ulizomtumia wakili wetu. Hajati Ayesha, Mungu amrehemu, alisikika ukumbi mzima. Mbona kimya? Nijibu hata neno moja.

Maimunah

Kibera, 28 Juni

Dada Maimunah,
Assalaam aleikum. Nisamehe kwa kukutia hofu.

Kile kipande kilichofika hakikufunguka. Nilihangaika nacho siku tatu. Kisha nikaanza kuwafungua wazee. Kumbe anayewauliza maswali ni Baba! Hata sikuwa nimewaza. Kwa Hajati Ayesha, mwishoni, bibi anamgeuzia swali: "Na wewe una watoto wangapi?"

"Wawili. Mkubwa yuko Nairobi."

"Huwa anakuja?"

Baba anakohoa. "Tuendelee, Hajati."

Nafika Jumapili. Utanipeleka kaburini.

Kaka yako, Tamim