Nimefunga Mfarishi wa Mama Bila Mchele

Haliyal, tarehe 2 Agosti

Mama Yashoda mpendwa,

Nakuandikia kuomba msaada, kama wengine wanavyokuandikia gazetini, na kama inawezekana unijibu kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, kwa sababu Jumapili inayofuata sikukuu hiyo mdogo wangu Romana anakuja hapa nyumbani kungoja kujifungua, na akifika tu ataomba kitu ambacho mimi nimekiharibu.

Jina langu ni Natalina, nina miaka arobaini na mmoja, nilisoma hadi darasa la saba, na miaka kumi na tisa nimefanya kazi za ndani kwa watu huko mjini Hubli, kwa hiyo yale ambayo wenzangu wa kijijini walijifunza wamekaa kibarazani na mama zao mimi sikuyajifunza. Mwaka huu nilirudi kumuuguza mama, akafariki mwezi wa Machi, nikabaki. Alikuwa akishona kawandi, huo mfarishi wa viraka vya nguo kuukuu wa sisi Wasidi, tulioletwa India kutoka Afrika zamani, kwa ajili ya mtoto wa Romana, ambaye mimba yake ilikuwa ya miezi mitatu na mama aliijua kabla ya mume wa Romana. Alishona hata siku zile alizokuwa hawezi kukaa bila kuegemezwa mto. Uzi alikuwa akiukata kwa jino la kushoto, na kitambaa alikichana kwa mikono, akisema mkasi ni wa watu wenye haraka.

Kawandi huanzwa kwenye kona, ikazunguka pembeni pote, kisha ikaingia ndani kidogo kidogo hadi katikati. Mama alikuwa ameshazunguka karibu yote, na kona zote nne alishazitia maua ya vitambaa vilivyokunjwa, maana mfarishi usio na maua kwetu unasemwa uko uchi, na katikati palibaki pengo la ukubwa wa sahani. Tulipomzika sindano ilikuwa bado imechomekwa pale na uzi mweupe umening'inia. Nikajiambia pengo lile nitaliziba mimi, lakini kwanza nijifunze kwenye matambara mengine, nisije nikaharibu kazi yake.

Mfarishi wa kwanza niliuanzia katikati, kama vile vitambaa vya meza vya bibi mwenye nyumba wa Hubli, na nilipofika pembeni ukawa umejikunja kama jani la mgomba linalokauka. Jirani yetu Bibi Dumgi, ambaye ameshona tangu kabla sijazaliwa, akauangalia akasema, "Uliona wapi mtu anajenga nyumba kwa kuanzia kitandani?" Wa pili niliuanzia kwenye kona lakini nilikuwa naukaza uzi, ukatokea na nundu katikati.

"Natalina mwanangu, umemfungia nani humu ndani? Mbona ana kibyongo?"

"Usinicheke, Bibi."

"Wewe sikucheki. Namsikitikia yeye, naona amebanwa."

Wa tatu nilichanganya kitambaa kipya chekundu na sari nyeupe kuukuu, nikaufua, ukatoka wote wa waridi na kile kipya kimerudi vidole viwili. Wa nne, mwanzoni mwa Julai, ulilala sakafuni bila kuinuka popote, Bibi Dumgi akaukalia, akajisogezasogeza, akasema, "Hapa mtoto atalala." Mama Yashoda, nilifurahi hata nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Sasa nikasema niuzibe ule wa mama. Lakini nilitaka pengo lile lizibwe kwa nguo yake mwenyewe, na nguo zake tulikuwa tumeshazigawa kwa ndugu, ikabaki moja tu sandukuni, sari nyekundu yenye pindo la manjano aliyofungia ndoa kanisani. Siku ya kugawa Romana aliishika akaniambia, "Dada, hii usimpe mtu. Usiiguse hata kuianika. Mtoto wangu atabatizwa amefungwa humu." Nikamwambia, "Nani aiguse? Labda panya." Akasema, "Panya na wewe, wote nimeshawaambia." Tukacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Ni lazima nikueleze kwa nini aliitaka. Mtoto wake wa kwanza, mwaka juzi, alizaliwa kimya, wakamtoa hospitali amefungwa shuka lao lenye mhuri, na Romana hakuwa na hata kipande cha nguo ya nyumbani cha kumfunga. Mimi nilikuwa Hubli. Niliambiwa baada ya siku tatu.

Nilijua yote hayo nilipofungua sanduku. Nilijiambia nitakata upande ule unaochomekwa kiunoni, ambao hauonekani, tena urefu wa mkono mmoja tu. Nilijaribu kuchana kama mama, nguo ikakataa, nikachukua mkasi. Nikakata upogo. Nilipokishona kile kipande kikateleza kikafanya mikunjo, kwa sababu sari ile ni laini kuliko matambara niliyojifunzia, nikakifumua, sindano ikaacha matundu, nikaona hakifai, nikakata kingine. Hicho nacho nilikikunja vibaya kikawa kifupi. Nikakata tena. Siku nne, Mama Yashoda, nilikuwa nakata na kufumua, na kila asubuhi nilisema leo ni kipande cha mwisho. Mwisho nikapata kilichokaa sawasawa, bila nundu, bila mkunjo, mishono yangu ikifuata ya mama mstari kwa mstari, nikaziba, nikakata uzi kwa mkasi. Nilipoitandaza sari iliyobaki nikapima, zimebaki mita mbili na kidogo kati ya tano na nusu, na upande mmoja umeliwa kama na ng'ombe.

Siku ileile Bibi Dumgi akaja, nikamwonyesha. Akauwekea kiganja katikati, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mchele uko wapi?"

Nilikuwa nimesahau. Kabla ya kufunga kawandi hutiwa punje za mchele katikati, ili tumbo lake lisikae na njaa, nami hata kwenye ile minne ya kujifunzia Bibi Dumgi ndiye alinikumbusha kila mara. Huu, wa mtoto wa Romana, nimeufunga na njaa. Halafu akainama akaangalia kitambaa.

"Na hii nyekundu umeitoa wapi?"

Nikaanza kuokota nyuzi sakafuni.

"Natalina. Hii nyekundu."

"Ya mama."

"Mama yako alikuwa na nyekundu moja tu."

Alikaa chini, akavua miwani, hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Baadaye akasema kuna duka sokoni linalouza sari zinazofanana sana na za zamani, tununue, tuifue mara kumi ichakae, tuikunje sandukuni, Romana hatajua. Tena akasema, "Mwenye mimba hashtuliwi, hasa huyu. Ukimwambia na likatokea la kutokea, utaenda kusema nini mbele ya mumewe? Nyamaza mpaka azae."

Juzi Romana alipiga simu akaniuliza, "Dada, sari yangu inaendeleaje?" Nikasema, "Ipo." Ni kweli ipo. Lakini tangu niseme neno lile, simu ikilia naogopa kuipokea.

Sisi tumebaki wawili tu. Nikisema naogopa mtoto, nisiposema naogopa siku atakayojua. Ninunue ile ya dukani? Ninyamaze? Na lile tumbo lisilo na mchele, nilifumue, au nikilifumua nitaharibu na mishono ya mama iliyo kando yake? Nijibu, tafadhali. Na ukisali utukumbuke, mimi, na Romana, na mama yetu aliyeitwa Anjelin.

Natalina

*

Natalina,

Jibu hili nakutumia kwa posta leo hii, wasomaji wengine watalisoma gazetini baadaye. Pole kwa mama. Mtu aliyeshona hadi siku ya kuegemezwa mto si rahisi kumfuata, na wewe umemfuata kwa mifarishi minne ndani ya miezi michache. Kwa hilo nakusifu, na sifa zinaishia hapo.

Ile mifarishi minne ulikuwa unajifunza. Sari hukuwa unajifunza. Kipande cha kwanza ulikikata kwa kumkumbuka mama yako, nakubali. Cha pili ulikikata kuficha cha kwanza, na vyote vilivyofuata vilikuwa hivyohivyo. Nguo iliyokataa kuchanika mikononi mwako ilikuwa imekupa nafasi ya kusimama, ukaenda kuchukua mkasi. Na ahadi uliyoivunja ulimpa mwanamke ambaye duniani hakuomba kitu kingine. Usilipambe hilo, wala usiseme ilikuwa bahati mbaya.

Sari ya dukani usinunue. Unadhani Romana hajui harufu ya sanduku la mama yake? Hajui doa lililoko wapi, uzi umechomoka wapi? Atajua siku ya ubatizo, mbele ya padri, mtoto mkononi. Utakuwa umemnyang'anya sari na siku yenyewe.

Bibi Dumgi anakupenda, lakini kuhusu kunyamaza amekosea. Nilikuwa mkunga miaka kumi na minne kwenye zahanati za huko kwenu, nimewaambia wajawazito habari nzito kuliko mita tatu za nguo. Kinachowashtua ni kugundua wenyewe. Mdogo wako atafungua lile sanduku dakika ya kwanza, hata kabla hajavua viatu, na wewe unalijua hilo. Kwa hiyo usingoje Jumapili. Mpigie simu mumewe kwanza, umweleze, umwombe awe karibu. Kisha umpigie Romana, mchana, akiwa amekula. Usianze kwa kulia. Ukilia wewe, atalazimika yeye kukubembeleza, na safari hii zamu si yako. Sema: nimekata sari ya mama, ulinikataza, nilijua, zimebaki mita mbili. Halafu nyamaza umsikilize. Akikutukana, msikilize. Akikata simu, usimpigie tena siku ile.

Sasa nenda kapime tena. Mtoto mchanga ana urefu gani? Mita mbili zinamfunga mara tatu na pindo la manjano likabaki la kumfunika uso jua lisimpige. Hujamaliza kila kitu, ulichanganyikiwa tu. Lakini usiukunje ule upande ulioliwa, wala usiushone. Mkasi uweke juu ya kabati. Romana atakapofika, mpe sari ilivyo, na vile vipande vyote ulivyoharibu, hata vyenye matundu, mpe mkononi. Yeye ndiye atasema vifanyiwe nini.

Kuhusu tumbo la kawandi: fumua. Fumua mshono wako wa mwisho tu, upana wa vidole vitatu, sindano iingie chini ya uzi wako, mishono ya mama usiiguse. Umesema yako inafuata ya mama mstari kwa mstari, basi yako unaijua. Kisha usitie mchele. Acha wazi, uchomeke sindano pale, kama alivyoiacha mama yako. Mchele atautia Romana kwa mkono wake akitaka, siku akitaka. Asipotaka wiki ya kwanza, mfarishi ukae wazi. Asipotaka mpaka mtoto azaliwe, ukae wazi, na wewe usimkumbushe.

Na sasa nikugombeze kwa lile kubwa. Umeniandikia kurasa za sari, na hukuniambia neno moja mtoto atazaliwa wapi. Mwanamke aliyepoteza mtoto mwaka juzi anakuja kungojea uchungu kijijini kwenu, mvua za Agosti, vijito vimejaa. Umeulizia gari? Kadi yake ya kliniki itasomwa na nani? Nani hapo kijijini ana gari la juu linaloweza kuvuka maji? Nenda kesho zahanati umtafute mkunga, mweleze yaliyotokea mwaka juzi, muulize Romana ahamie mjini tarehe gani kabla maji hayajakata njia. Sandukuni, juu ya kila kitu, weka nguo safi za nyumbani za kumpokelea mtoto, zilizofuliwa na kuanikwa juani. Safari iliyopita ulikuwa Hubli. Safari hii uko hapo. Kazi yako ni hiyo, na hakuna mkasi unaohitajika.

Anaweza kukasirika hadi mtoto aote meno. Vumilia. Mtamlaza mtoto huyo kwenye mfarishi mmoja, mishono ya mama yenu pembeni na yako katikati, hata asipokusemesha.

Anjelin nimemtaja katika sala asubuhi ya leo, na Romana, na wewe. Nami nina ombi dogo. Siku Romana atakapochukua ule mchele, mwambie atie na punje moja kwa niaba ya Yashoda.